Jibu Lisichungulie: kitabu cha vitendawili cha kuchapa kwa mkono

Riziki yangu ni fulana. Nachapa za harusi, za vicoba, za timu za mtaani, na kila msimu wa uchaguzi za kampeni, hapa hapa uani kwetu Ujiji. Lakini kabla ya kuwa fundi wa fulana nilikuwa mchoraji, na mchoraji ana ugonjwa usiopona: anataka kuona michoro yake ikifunguliwa ukurasa kwa ukurasa. Mwaka juzi nikaamua vifaa vile vile vya fulana, yaani skrini (fremu yenye neti inayopitisha wino palipo na picha tu), vinichapie kitabu changu mwenyewe, nakala 30, kila karatasi nimeivutia wino kwa mkono wangu. Nimeulizwa mara nyingi nilivyofanya, na kila nikieleza kwa mdomo mtu anakwenda kukosea pale pale nilipokosea mimi. Basi naandika.

Maneno niliyochagua ni vitendawili vya bibi. Alikuwa akitutegea usiku huku mikono yake ikichambua dagaa. "Kitendawili!" Nasi, "Tega!" Tukishindwa, hasemi jibu mpaka apewe mji. Nilivichagua kwa mapenzi, ila baadaye nikaona vina faida ya kifundi: kitendawili kina swali na jibu, na karatasi ina mbele na nyuma. Kugeuza ukurasa ndiko kutegua. Ukichagua hadithi au utenzi hesabu ya kurasa itabadilika (ubeti mmoja wa utenzi, mistari yake minne, hukaa vizuri ukurasa mmoja), lakini kazi ya mikono ni ile ile.

Mchoraji kujichapia kitabu si jambo jipya. William Blake wa London, karne ya 18, alichora na kuchapa mashairi yake mwenyewe kwa mabamba ya shaba, mkewe Catherine akimsaidia kuchapa na kupaka rangi. Skrini yenyewe huko kwao ilikuja baadaye sana. Samuel Simon wa Manchester alipata hataza yake mwaka 1907. Huku kwetu wengi tumeijulia kwenye fulana.

Karatasi nne, pande nane

Usianze na wino. Chukua karatasi nne za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Umepata kijitabu cha A5 chenye kurasa 16. Kabla hujazitenganisha, andika namba ya kila ukurasa kwa penseli, kuanzia mbele hadi nyuma. Sasa zifungue uone maajabu: ukurasa wa 1 umekaa ubavuni mwa 16, wa 2 na wa 15, wa 3 na wa 14. Kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi lazima jumla yake iwe 17. Ukipata 16 au 18 umeshakosea, rudi mwanzo. Kijitabu hicho cha mfano kitundike ukutani, maana ukianza kuvuta wino kichwa hakikumbuki kitu.

Mpangilio wangu ni huu. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu. Wa 2 umeandikwa "Kitendawili!" kwa herufi kubwa, na wa 3 unaoutazama unajibu "Tega!" Wa 4 nimeuacha mtupu, watu wavute pumzi. Kisha maswali matano yanakaa kulia, kurasa za witiri, 5 hadi 13, na kila jibu liko mgongoni mwa swali lake. Nyumba yangu haina mlango: yai. Nyumba yangu ina nguzo moja: uyoga. Kuku wangu katagia miibani: nanasi. Popoo mbili zavuka mto: macho. Kila niendapo ananifuata: kivuli. Ukurasa wa 15 kitabu kinadai, "Nipe mji!" Ukigeuza, mji ndio huo: gati ya Kigoma na meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaja kuunganishwa hapa.

Rangi nimetumia mbili tu, njano na bluu. Ukichanganya wino na besi angavu (wino usio na rangi) ili usizibe, bluu ikipita juu ya njano inazaa kijani, na weupe wa karatasi nao ni rangi. Kwa hiyo unalipa mbili unapata nne. Tazama yai. Ukurasa wa 5 wote ni bluu, matofali kwa matofali, ukuta usio na mlango, na katikati nimeacha mviringo mweupe ambao msomaji anaudhania dirisha. Ukigeuza, ukurasa wa 6 mwanzoni ulikuwa na mviringo ule ule mahali pale pale, ila wenye duara la njano ndani yake.

Hapo ndipo kitabu cha kwanza kilipokufa. Nilikuwa nimechapa majaribio kwenye karatasi za rimu, gramu 80. Mtoto wa kaka yangu, darasa la tatu, akakichukua, akakiinua usawa wa dirisha, wala hakugeuza ukurasa.

"Shangazi, ni yai. Kiini kile pale kinaonekana."

Nilicheka, kisha nikakaa chini. Kitabu cha vitendawili ambacho jibu linachungulia mgongoni mwa swali si kitabu cha vitendawili. Tangu siku ile nina kanuni mbili. Ya kwanza, karatasi nzito: manila nyeupe ya gramu 160 kwenda juu. Ya pili, jibu ulifiche nyuma ya rangi nzito ya swali, na uweupe wa swali uwe na uweupe nyuma yake. Nikalihamisha yai chini kidogo, kiini kikaangukia nyuma ya matofali ya bluu. Kumbuka tu kwamba mgongoni kulia huwa kushoto. Chora, kisha tazama mchoro wako kwa nyuma dhidi ya dirisha kabla hujaridhika. Mfanyie na mtoto mtihani huo huo. Mtu mzima anakustahi.

Manila huuzwa shiti kubwa, unakata mwenyewe. Kabla ya kukata, ujue mlalo wa nyuzi, kwa sababu karatasi ina nyuzi kama mbao. Ikunje taratibu bila kuivunja, upande huu kisha upande ule: unaotii kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Mkunjo wa kitabu chako lazima uende na upande huo. Ukienda kinyume, mgongo unapasuka, rangi inabanduka kwenye mkunjo na kitabu kinakataa kulala, kinajifungua chenyewe kama mdomo wa samaki. Kwa nakala 30 nilikata za nakala 36, yaani karatasi 144. Hizo sita ni za kuharibika, na zitaharibika.

Skrini, jua na mawese

Fremu nilichongewa na seremala, mbao za msonobari, ndani sentimita 35 kwa 45. Picha ya A4 inahitaji nafasi kila upande, wino upate pa kukaa. Fremu ikifika usiipokee hivi hivi. Ilaze juu ya kioo au sakafu laini ugonge pembe moja moja kwa kidole; ikicheza, imepinda, irudishe. Ipake vanishi, la sivyo maji ya kuoshea yataipinda baadaye.

Neti naagiza kutoka Kariakoo, inakuja na basi. Ya fulana huwa natumia namba 43, yaani nyuzi 43 kwa sentimita, lakini kwenye karatasi inamwaga wino kupita kiasi. Kwa kitabu nilitumia 77. Ukikosa, kitambaa cha pazia jepesi cha poliesta kinaweza kufanya kazi, ila usichore mistari myembamba. Anza kupiga pini katikati ya ubavu, vuta, piga ubavu unaotazamana nao, kisha sogea kidogo kidogo kuelekea pembeni. Ikikaa sawa inalia kama ngoma ukiigonga. Ioshe na sabuni ya vyombo kuondoa mafuta ya mikono, iache ikauke.

Emulsheni ni uji unaopakwa kwenye neti; mwanga unaugandisha, na palipofunikwa na weusi wa mchoro panaoshwa na maji. Natumia ile ya dayazo (kemikali yake ya kugandia), unachanganya na maji na kuitunza gizani. Wapo mafundi wanaochanganya gundi nyeupe na daikromati kwa sababu ni rahisi. Mimi nimeacha. Daikromati ni sumu inayounguza ngozi na kusababisha saratani, na nina mtoto anayeshika kila kitu. Ipake nyembamba pande zote mbili kwa ukingo ulionyooka, ilaze ikauke kwenye chumba chenye balbu ya njano au chenye giza kabisa, ule upande utakaogusa karatasi ukiwa chini.

Sasa picha. Mchoro wa kila rangi unauchora kwa wino mweusi tii kwenye karatasi yake. Hata ile ya njano, mchoro wake ni mweusi. Kwenye plastiki angavu ni bora zaidi, lakini kuna njia ya bei nafuu: toa fotokopi, ipake mafuta ya kupikia kwa nyuma, uifute vizuri. Karatasi inakuwa kama kioo chenye ukungu, weupe unapitisha mwanga na weusi unauzuia. Siku moja mafuta ya alizeti yalikuwa yameisha, na nyumba ya Kigoma haikosi mawese. Nikapaka mawese. Nikaweka juani kwa dakika zile zile, nikaosha, emulsheni yote ikatiririka miguuni kwangu, picha na pembezoni mwake, neti ikabaki tupu. Nikarudia kwa muda mara mbili. Ikatiririka tena. Nilikaa na ndoo yangu nikiilaumu emulsheni, nikamlaumu na aliyeniuzia, mpaka nilipoingia ndani kuchukua skrini nyingine na kuwasha taa. Balbu ya njano! Naitumia kwa sababu mwanga wa njano na mwekundu hauigandishi emulsheni, na mawese yana rangi ya aina hiyo hiyo. Nilikuwa nimeifunika picha yangu kwa balbu. Alizeti basi, na mawese yabaki kwenye maharage.

Kuchoma skrini kwa jua ni hivi. Chini weka godoro jembamba la sponji lenye kitambaa cheusi, juu yake skrini, upande utakaogusa karatasi ukitazama angani. Laza mchoro juu yake kifudifudi, maandishi yasomeke kinyumenyume, halafu kioo kizito cha kuugandamiza. Yote haya fanya chumbani, funika kwa blanketi, toka nayo, funua. Hapa Kigoma tuko magharibi mno, kwa hiyo jua linafika utosini karibu saa saba mchana, si saa sita. Saa hiyo, Julai, bila wingu, dakika mbili zinanitosha. Wewe usichukue dakika zangu. Choma kipande cha majaribio: kifunike kwa kadibodi, kila nusu dakika isogeze kidogo, kisha osha. Palipobaki utelezi hapakuiva. Mistari myembamba isipofunguka, umepitiliza. Skrini iliyoiva iloweshe pande zote mbili, subiri dakika mbili tatu, kisha maji ya shinikizo dogo. Picha itafunguka mbele ya macho yako. Sijawahi kuizoea hatua hiyo, na nimefanya kazi hii miaka kumi na moja.

Pande nane kwa rangi mbili ni michoro 16 ya kuchoma. Nina fremu nne, hivyo kila moja niliichoma mara nne, nikifuta kila mchoro uliomaliza kazi kwa dawa ya klorini ya kufulia. Vaa glavu, ifanye nje, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Maji yake usiyaelekeze ziwani. Nimechimba shimo uani.

Kuvuta

Ubao ulionyooka, bawaba mbili, fremu inafunguka na kufunga kama kifuniko. Chini ya pembe za mbele bandika sarafu, neti isilale juu ya karatasi. Iguse pale tu raba ya kusukumia wino inapopita, kisha ijiinue. Bila pengo hilo neti inanata na kingo za picha zinakuwa na manyoya.

Kwenye fulana rangi ikihama milimita mbili hakuna anayejua. Kwenye kitabu kiini kinatoka nje ya yai. Kwa hiyo bandika vizuizi vitatu vya kadibodi kwenye ubao, viwili ubavu mrefu na kimoja ubavu mfupi, na karatasi isukumwe kwenye pembe hiyo hiyo kwa kila rangi, siku zote. Weka alama ndogo ya penseli kwenye pembe ya kila karatasi ujue ni ipi. Njano inatangulia. Kupata mahali pa bluu, bandika plastiki angavu kwa selotepu juu ya ubao, upande mmoja tu, uchape bluu juu yake. Kisha ingiza chini ya plastiki karatasi yenye njano iliyokauka, isogeze mpaka michoro miwili ioane, ishikilie, funua plastiki, na hapo ndipo ubandike vizuizi vya bluu. Ni dakika tano, zinaokoa karatasi thelathini.

Wino uwe mzito kama mtindi. Mimina upande mmoja wa skrini, vuta raba (wengine huiita skwiji) bila kugandamiza, fremu ikiwa imeinuliwa, ili matundu yajae. Shusha, inamisha raba kiasi, vuta mara moja kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho. Mara moja. Anayerudia anaharibu. Inua, toa karatasi, jaza tena matundu kabla hujaweka nyingine, kwa sababu tundu lililojaa halikauki haraka. Adui wako hapa ni kiangazi: kufikia saa nne asubuhi wino unaanza kukaukia kwenye neti, na picha inatoka na vidonda. Naanza kunapokucha, saa moja, na matone machache ya gliserini ya duka la dawa ndani ya wino yananiongezea muda. Mgeni akibisha hodi katikati ya kazi atakaribishwa na mtoto. Chai pia itasubiri.

Pa kuanikia palinisumbua mpaka nilipotazama majirani wanavyoanika dagaa. Nikatandaza kipande cha wavu mkuukuu juu ya miti minne, kama kichanja, nikalaza karatasi juu. Hewa inapita juu na chini. Upande wa pili wa karatasi usiuchape siku hiyo hiyo, lala, uamkie. Na ukianza rangi ya kwanza kwenye kiangazi, maliza ya pili kabla ya mvua, maana unyevu wa ziwa unavimbisha karatasi na vizuizi vyako vitaonekana vimesema uongo.

Kushona

Baada ya mivuto 576 sehemu hii ni mapumziko. Kunja kila karatasi peke yake, sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko, zipange zote nne, moja ndani ya nyingine, na hesabu kurasa kwa sauti kabla ya kutoboa. Jalada ni manila iliyobandikwa kitenge. Gundi napika kwa unga wa muhogo, nikachanganya nusu kwa nusu na gundi nyeupe ya mbao, kwa kuwa mende wanaijua gundi ya muhogo kuliko sisi. Bandika, gandamiza chini ya jiwe usiku kucha, ndipo ukunje.

Toboa mashimo matatu kwenye mkunjo kwa msharasi wa fundi viatu: moja katikati, mengine sentimita tatu kutoka kila mwisho. Nilijaribu uzi wa nyavu, maana hapa Ujiji umejaa. Unateleza, fundo halishiki, na ni mkali, unakata karatasi. Tumia uzi wa pamba uliopakwa nta. Anza ndani, toka nje kwa shimo la kati. Rudi ndani kwa shimo la juu. Ruka katikati, toka kwa shimo la chini. Rudi ndani kwa la kati. Sasa ncha mbili za uzi ziko ndani: hakikisha moja iko kushoto na nyingine kulia kwa ule uzi mrefu, vuta kufuata mkunjo, usivute kwenda juu, funga mara mbili. Ukivuta kwenda juu shimo linachanika, na nakala 4 kati ya zangu zina kovu hilo.

Kingo za mbele zitakuwa zimepishana kidogo kwa sababu karatasi za ndani zinasukumwa nje. Kata kwa rula ya chuma na kisu kipya, mikato mingi myepesi, kitabu kikiwa kimebanwa chini ya ubao. Kisha viweke vyote chini ya jiwe siku mbili. Namba ya nakala naandika kwa penseli ukurasa wa 16, chini ya Liemba, pale kwenye maji: 1/30, 2/30. Namba 1 alipewa mwenye dirisha lake. Aliuinua ukurasa wa 5 juani, akaugeuza huku na huku, akakunja uso, kisha akasema kwa sauti ya kushindwa, "Haya shangazi, nakupa mji."